Dakika za Mama Maabara

Aliniomba mtoto kama mtu anavyoomba chumvi kwa jirani. Alisimama mlangoni pangu asubuhi, mtandio mweupe kichwani, mkoba begani, akasema, "Mama Milembe, uhamisho wangu umefika. Naenda Bariadi, hospitali kubwa. Nipe Milembe nikae naye." Nilikuwa nimechuchumaa naparua magamba ya sato, kisu mkononi, na sikuinua uso. Jibu nililompa nitalisema likifika zamu yake. Kwanza nataka umjue huyo mwanamke, maana nisipomweleza vizuri utadhani mimi ni mkorofi tu, na watu wa Lamadi wameshanisema hivyo vya kutosha.

Sote tulimwita Mama Maabara. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kibao kifuani, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, hata mganga mkuu wa kituo. Hakuwa na mtoto. Wanawake wa sokoni walijaribu kumchimba juu ya hilo wakaambulia salamu. Alikuwa mama wa chumba kimoja chenye dirisha la kioo, meza ndefu ya vigae vyeupe, na mashine ya kuzungusha damu. Nami vilevile nilikuwa mama bila kuzaa. Wazazi wetu walipotangulia, mmoja baada ya mwingine, niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikabeba beseni la dagaa kichwani na Milembe, mdogo wetu wa mwisho, mgongoni. Shija, mdogo wangu wa kiume, alikuwa anatembea mwenyewe. Milembe alipoanza kuongea, majirani wakaanza kuniita Mama Milembe, na jina hilo nililitolea jasho. Kwa hiyo Lamadi ilikuwa na mama wawili ambao hawakuzaa, na mtoto alikuwa mmoja.

Milembe ana sikoseli. Wanaoijua hawahitaji kuelezwa, na wasioijua waombe wasiijue. Damu yake ni pungufu, viungo vinamuuma mpaka anakunja vidole vya miguu, macho yanageuka manjano. Tangu akiwa mdogo alitakiwa kupimwa mara kwa mara, figo, ini, na mengine ambayo sijui kuyataja. Kituo chetu hakikuwa na mashine za vipimo vyote. Damu ya vipimo vikubwa ilipelekwa Bariadi kwa gari la asubuhi, ndani ya kasha la barafu kama letu la samaki, ila dogo. Lakini damu haisafiri nzima. Ikitikiswa barabarani ikiwa bado imechanganyika, chembe zake zinapasuka na majibu yanaharibika. Kwa hiyo ilibidi itengwe kwanza. Mama Maabara aliingiza chupa nyembamba kwenye mashine, akafunga mfuniko, ikazunguka kwa kasi hadi wekundu wote ukazama chini, na juu yakabaki maji ya manjano kama chai ya mchaichai. Maji hayo wao wanayaita plazma. Hayo ndiyo yaliyopanda gari.

Mashine ile ya zamani ilikuwa na kelele kama kinu cha kusaga, na ilichukua robo saa. Robo saa hiyo ndiyo iliyoninyang'anya mtoto.

Unajua biashara ya samaki. Mitumbwi inafika mwaloni asubuhi, na asiyekuwepo anakuta waliokataliwa. Nilikuwa namwacha Milembe kwenye benchi la maabara, nakimbia mwaloni, nikirudi nakuta mlango umefungwa na mashine inanguruma, na ndani ya ule mngurumo kuna vicheko viwili. Nikibisha, vicheko vinakatika.

"Mnacheka nini?"

"Hamna kitu, Dada," Milembe anasema.

Hamna kitu! Mtoto niliyemjua mpaka anavyopiga chafya ana kitu cha kunificha, na kitu chenyewe kiko ndani ya chumba ambacho mimi naingia baada ya kubisha.

Nilimchunguza Milembe nyumbani kidogokidogo, nikajua walichokuwa wanaongea. Walikuwa wanaongea juu ya mashine. Kwamba haikubali chupa moja peke yake. Ukiweka upande mmoja lazima uweke na upande wa pili, uzito uleule, la sivyo inaruka mezani kama mbuzi aliyefungwa kamba. Siku ambazo Milembe alikuwa mgonjwa pekee, Mama Maabara alijaza maji kwenye chupa nyingine na kuiweka mkabala na yake.

"Nikamuuliza, hiyo ni ya nani?" Milembe alinisimulia huku anachambua mchele. "Akasema, hiyo ni ya mwenzio asiyeumwa. Inakusindikiza tu."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema asante."

Mimi nilikuwa nimemsindikiza mtoto huyu tangu hajaota meno, na sikumbuki kama aliwahi kuniambia asante kwa upole ule. Nilimwambia achambue vizuri, mawe yamebaki.

Mama Maabara alikuwa na misemo, na mingi ilitoka kwenye kazi yake. Ule alioupenda kuliko yote ni huu: kinachozunguka hakifunuliwi. Mashine ikianza kupunguza kasi, watu wana tamaa ya kufungua, na ukifungua mapema kilichotengana kinachanganyika tena. Yeye aliusema kila mahali. Wanawake wakigombana bombani, alisema watu wasiwaamue kwanza, kinachozunguka hakifunuliwi. Shija alipoanza kurudi nyumbani amenuna, nami nataka kumbana aseme, aliniambia hivyohivyo. Nikamnyamazia Shija, na baada ya siku chache mwenyewe akasema ameachwa na mchumba. Nilikasirika kwamba msemo ulikuwa wa kweli.

Lakini ngoja nikuambie. Mwanamke huyu mwenye subira ya damu hakuwa na subira ya wali hata kidogo. Alikuwa jirani yetu, ua kwa ua, na nilimwona kwa macho yangu. Sufuria ikishawekwa jikoni, anafunua. Anageuka, anafunua tena. Mvuke wote unakwenda hewani. Wali wake kila siku ulikuwa na kiini, unatafuna kama michembe mikavu ya viazi. Siku moja sikuvumilia, nikapaza sauti juu ya ua.

"Mama Maabara! Kinachoiva kinafunuliwa?"

Alicheka mpaka akaketi chini. Ndivyo alivyokuwa. Ukimpiga kijembe anakifurahia kama umempa zawadi, halafu wewe unabaki huna silaha.

Na samaki je? Alitoka Ujiji, kule Kigoma, mtu wa ziwa kama sisi. Ila aliogopa kupasua samaki. Mtu anayeshika damu za watu kutwa nzima, anayemtoboa mtoto anayepiga kelele mkono usimtetemeke, alikuwa akiletewa sangara mzima anafumba macho. Alikuja kwangu nimpasulie, akasimama amelipa beseni mgongo.

"Huko kwenu samaki wanajipasua wenyewe?" nilimuuliza.

"Kwetu tunakula migebuka na dagaa. Dagaa hawapasuliwi."

"Hata kwetu dagaa hawapasuliwi."

"Hawa wenu?" Aligeuka, ameshasahau kwamba anaogopa. "Mama Milembe, usinichekeshe. Hawa si dagaa, ni watoto wa dagaa. Mkikaanga wanapotea. Dagaa wa Kigoma ukimweka kinywani unajua umekula mtu mzima."

Alisema hayo mbele ya wateja wangu, tena wateja wa jumla waliotoka Dutwa na baiskeli zao kununua magunia. Mmoja akasema kweli, wa Kigoma ni watamu, aliwahi kuwala kwenye msiba fulani. Nikamwambia basi akanunue Kigoma, aendeshe baiskeli atafika baada ya mavuno ya pamba. Walicheka, wakanunua. Lakini jioni Milembe alikula dagaa wangu kidogokidogo, anawatazama, na nilijua anafikiria wa nani.

Kuna siku mtoto huyo alinusa viganja vyake, akanusa vyangu. Alikuwa hajafika darasa la tatu. "Dada, mbona mikono ya Mama Maabara hainuki?" Hakuwa na ubaya. Niliisugua mikono kwa majivu, kwa ndimu, kwa majani ya mpera. Harufu ya samaki ikiingia kwenye ngozi inakaa kama mpangaji aliyelipa. Mama Maabara alinukia sabuni ya kipande na spiriti. Alivaa glavu, akazivua, akanawa, akavaa nyingine. Kucha zake zilikuwa fupi na nyeupe. Hata leo nikisikia harufu ya spiriti, moyo wangu unakaa vibaya kwanza, ndipo unakumbuka kwamba hakuna sababu.

Usidhani alikuwa mtu wa kuninyenyekea wala wa kunidharau. Alinifokea alipoona inafaa. Aliniambia kuna kipimo Milembe lazima aje hajala kitu tangu jana yake. Nikaitikia. Ila kwetu mtoto hatoki nyumbani na tumbo tupu, tena mtoto anayekwenda kutolewa damu. Utachotaje kwenye mtungi ambao hujatia kitu? Asubuhi nikamsongea ugali wa mtama, nikamwagia mafuta ya ng'ombe mpaka yakaelea, nikamwekea na kibuyu cha maziwa pembeni. Akala akashiba, tukaenda.

Mashine ilipotulia, Mama Maabara alitoa chupa akaiinua dirishani.  Kisha akasema, "Mama Milembe, njoo."

Nikaenda. Chini kulikuwa na wekundu kama kawaida. Juu, mahali pa yale maji ya mchaichai, palikuwa peupe pepepe.

"Nani kamwaga maziwa humu?" niliuliza, na niliuliza kwa dhati.

"Wewe."

"Mimi sijagusa mashine yako!"

"Leo mtoto amekula nini?"

"Kalamba tu."

"Kalamba mafuta ya ng'ombe," alisema, anaigeuza chupa kwenye mwanga. "Haya hapa. Bariadi wakiipokea hii watanipigia simu kuuliza kama nawapelekea damu au mtindi." Milembe akaanza kucheka, akaziba mdomo, akashindwa. Mama Maabara naye. Nilisimama pale, mimi na mafuta yangu ndani ya chupa, wananicheka wawili. "Kesho mje tena. Na mtoto asile. Hata kulamba."

"Kumbe wewe unachungulia mpaka jikoni kwangu," nikamwambia.

"Jiko lenyewe zuri," alisema. "Hata mimi njaa imenishika."

Wengine wangeyasahau hayo kwa jioni moja. Mimi yalinikaa. Nililala nikiwaza kwamba yule mwanamke anamjua Milembe mahali ambapo mimi siwezi kufika. Anajua kilichomo ndani yake leo, na kilichokuwamo mwezi uliopita, na kama kinapungua. Mimi niliyemlea nilikuwa nangoja mlangoni niambiwe.

Hata hivyo nami nilikuwa na langu. Maumivu ya Milembe yanapokuja, nayajua kabla yake. Kuna namna anavyoburuta ndala ya kushoto. Kuna namna anavyoacha kuimba anapofua. Nilikuwa nachemsha maji, natandika, naweka mafuta ya kuchua karibu, naye bado anasema hajambo. Ikifika mchana analia, na kila kitu kiko tayari. Mama Maabara alikuta hivyo siku moja alipotoka kazini kuja kumwona, akatazama maji ya moto, akatazama kanga zilizokunjwa chini ya magoti.

"Umeanza kumhudumia saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Ameniambia imeanza mchana."

"Ndiyo."

"Sasa umejuaje?"

Sikumwambia. Aliuliza tena wiki iliyofuata, kwa njia ya kuzunguka, kama anauliza bei ya samaki. Sikumwambia vilevile. Kila mtu na maabara yake.

Kilichonichoma zaidi kilitokea kwa muuguzi mgeni. Alikuwa anaita wagonjwa, akamwuliza Milembe, "Mama yako yuko wapi?" Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nimejifunga kanga, beseni miguuni. Milembe akanyoosha kidole kwenye mlango wa maabara. Labda alidhani ameulizwa anakokwenda. Labda. Muuguzi akasema, "Aa, wa mfanyakazi huyu," akampitisha mbele. Niliinua beseni langu nikaenda sokoni, nikauza kwa hasira, na siku hiyo hakuna aliyeniomba nipunguze bei.

Kisha ikaja mashine mpya. Ilishushwa kwenye gari la halmashauri ndani ya boksi, na mimi nilikuwa wa kwanza kushika upande mmoja kuiingiza ndani, watu wakashangaa. Ndogo, nyeupe, haizidi sufuria ya kupikia watu kumi. Ina kitasa chake, haifunuki mpaka isimame. Na Mama Maabara alipotangaza kwamba hii inatenga damu kwa dakika tatu, niliinua mikono juu.

"Mungu ni mwema!"

"Umefurahi kuliko mimi," alisema.

Nilifurahi, ndiyo. Nilipiga hesabu yangu. Dakika tatu huwezi kucheka na mtoto wa mtu. Dakika tatu ni salamu tu, tena salamu ya Kisukuma haiishi ndani ya hizo. Utasema mwangaluka, uulize habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, mashine imeshasimama. Nikajiambia, sasa mtoto atarudi nyumbani mapema na akili yake yote.

Wiki ya kwanza nilimwacha pale nikaenda mwaloni, nikarudi mbio. Mlango umefungwa. Mashine kimya kabisa. Vicheko viwili, safari hii vinasikika vizuri zaidi kwa kuwa hakuna mngurumo. Nikabisha, nikaingia. Plazma imeshamiminwa, imeshafungwa, imeshaingia kwenye kasha, gari la Bariadi limeshaondoka nayo. Wao wamekaa na vikombe.

"Mashine si imesimama?"

"Zamani," Mama Maabara akasema.

"Basi mnangoja nini?"

"Chai."

Kumbe ile mashine ya polepole ndiyo iliyokuwa inamshika. Alikuwa anaisikiliza, anakimbizana na gari, anaandika huku anaongea. Hii ya haraka ilimpa muda zaidi. Na muda wote alimpa Milembe. Alimfundisha kuangalia rangi ya plazma na kusema kama chembe zimepasuka, akamfundisha kupanga chupa mkabala kwa mkabala. Mtoto akaanza kusema nyumbani kwamba akimaliza shule atakwenda chuo cha maabara. Shija akamwuliza kwa nini asiwe daktari, akajibu, "Daktari anangoja majibu. Mimi nataka kuwa pale majibu yanapotoka." Nilijua maneno hayo yalikopwa wapi.

Haya. Ndiyo hali iliyokuwepo aliposimama mlangoni pangu akaniomba mtoto. Nilimaliza upande mmoja wa yule sato, nikamgeuza. Milembe alikuwa amekaa kizingitini anasuka mkeka wa ukili, lakini mikono imesimama.

"Milembe si plazma," nikamwambia, "atiwe kwenye kasha la barafu apelekwe Bariadi."

Mama Maabara alicheka, kama kawaida yake. Kisha akaacha. "Kule kuna kliniki ya sikoseli. Atakuwa karibu na damu akihitaji kuongezewa. Shule iko jirani. Sijasema nakunyang'anya."

"Umesema nikupe."

"Nimesema nikae naye."

"Kukaa naye ni kazi yangu."

"Najua ni kazi yako. Nami nimeizoea."

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo, na nikainua uso. Macho yake yalikuwa yanamtazama Milembe, si mimi. Nikatambua kwamba mtu huyu haniombi kwa ajili ya kliniki peke yake. Ningemhurumia kama angekuwa anaomba kitu kingine.

"Siku za kliniki alale kwako," nilisema. "Kesho yake apande gari arudi."

"Na likizo?"

"Likizo arudi kwangu."

"Nusu likizo."

"Mbona mimi hamniulizi?" Milembe akasema kutoka kizingitini.

"Nyamaza, wakubwa wanaongea!" Tulimjibu wote wawili, kwa pamoja, kwa maneno yaleyale.

Ikawa hivyo kwa miaka. Milembe alikwenda na kurudi kwa barabara ya Bariadi, na kila aliporudi nilimkagua kama mzigo. Amepunguza uzito? Amejifunza neno gani? Aliwahi kurudi anasema "haswaa" kwa kuvuta, kama watu wa Ujiji, nikamwambia humu ndani hatuvuti maneno. Aliporudi ananukia spiriti nilimtuma akachambue dagaa. Nikisema nilimfanyia hivyo kwa ubaya nitakuwa nadanganya. Nilitaka anukie nyumbani.

Akamaliza shule, akaenda chuo, akahitimu. Kwenye mahafali tulikaa viti jirani, mimi na Mama Maabara, kila mmoja na shada lake. Milembe alishuka jukwaani akasimama katikati yetu, akavaa yote mawili, na wapiga picha wakauliza mama ni yupi. Tulimwacha yeye ajibu. Akasema, "Piga tu, kaka."

Mwaka jana akapata kazi Bariadi, maabara ya zahanati moja ya binafsi. Hapo vita yangu na Mama Maabara ikaamka upya, maana sasa ilikuwa atakaa kwa nani. Yeye alikuwa karibu kustaafu, ana nyumba yake hukohuko, mtaa wa nyuma ya soko, na nilisikia amepaka rangi chumba, ameweka neti na godoro jipya. Mimi sikukaa bure. Nilitafuta kizimba cha kuuzia samaki soko la Bariadi, nikakipata. Nilimwambia Shija abaki na biashara ya Lamadi, mimi nahamia kwa mtoto. Shija akacheka. "Dada, mtoto ana miaka ishirini na kitu." Nikamwambia hata akiwa na arobaini.

Jumamosi moja nikapanda gari bila kumwambia mtu, na ndoo ya sato wa kukaanga mapajani. Nilipofika kwenye zahanati ile, nikamkuta Mama Maabara ameshakaa benchi la wagonjwa, funguo za chumba kilichopakwa rangi ziko mkononi. Alikuwa amezeeka. Mgongo umeanza kuinama na miwani imekuwa minene. Ila kucha zilikuwa nyeupe vilevile.

"Umemfuata," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi napita tu."

"Na funguo?"

Akazitia kwenye mkoba.

Milembe alitoka na koti lake jeupe, akatuona tumekaa hivyo, akashusha pumzi. "Karibuni. Nimemaliza zamu. Twendeni nyumbani."

"Nyumbani wapi?" tukauliza.

 Alitembea mbele, sisi nyuma, nikibeba ndoo na Mama Maabara akishika kiwiko changu mahali penye mashimo. Tukavuka barabara kubwa, tukaingia mtaa nisioujua, tukafika kwenye nyumba ya matofali yenye baraza pana. Milembe akafungua chumba cha pembeni. Kitanda kimetandikwa. Jiko la gesi, viatu mstari mmoja, dirisha lenye pazia la kijani. Hapakuwa na kitu changu humo, na hapakuwa na kitu cha Mama Maabara.

"Nimepanga hapa," alisema. "Ni karibu na kazi. Nikiumwa nafika hospitali kwa miguu. Dada, Shija ameniambia habari za kizimba; usikiache, biashara Bariadi ni nzuri, lakini uje kwa ajili ya biashara. Mama Maabara, kile chumba kipangishe. Nawapenda wote. Nataka kukaa kwangu."

Nilimtazama Mama Maabara ili aseme msemo wowote. Naye alinitazama mimi.

Hapo pazia la mlango likafunuliwa, akaingia mwenye nyumba. Mwanamke mnene, mwenye uso mzuri, ameshika bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Milembe, mwanangu," alisema, "leo umechelewa, nimekuwekea mchicha. Kumbe una wageni! Karibuni sana, wazazi. Msiwe na wasiwasi na huyu. Leo asubuhi nilimwona anaburuta mguu kidogo, nikamchemshia maji mapema. Sasa hajambo. Eti mwanangu?"

"Sijambo, Mama," Milembe akasema.

Tulikula. Tuliaga. Mwenye nyumba akatusindikiza mpaka njiani, ana maneno mazuri, na hilo ndilo lililotuuma. Tulitembea mimi na Mama Maabara mpaka nyumba ikapotea nyuma ya miti.

"Umemsikia?" akasema.

"Nimemsikia."

"Mwanangu."

"Tena mbele yetu."

"Na ule mchicha?"

"Maji matupu."

"Mtoto wa sikoseli unampaje mchicha wa maji matupu?" Alisimama katikati ya njia, amekasirika kweli. Sikuwahi kumwona amekasirika. "Hana karanga huyo mwanamke? Hana nazi?"

"Ameona mguu," nilisema.  "Amejuaje mguu?"

 Alinishika mkono, huu wangu unaonuka samaki, akauweka kwapani kwake kama watu wanaokwenda kanisani au msikitini pamoja.

"Utalala kwangu," alisema. "Chumba kimepakwa rangi, godoro jipya. Kesho tunarudi."

"Saa ngapi?"

"Mapema. Kabla huyo mwanamke hajawasha jiko."